Taa Isiyowaka Ina Maana Mbili

Wilaya ya Ngara, katika Mkoa wa Kagera, imekatwa na maji. Mto Ruvubu, ambao wenyeji wengi huuita Ruvuvu, huingia kutoka Burundi, hupita katika ardhi ya wilaya hiyo, kisha huungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa mkulima apelekaye maharage sokoni, kwa mama mjamzito aendaye hospitali, na kwa mwanafunzi arudiye shuleni baada ya likizo, kivuko ndiyo barabara. Wilaya jirani ya Biharamulo nayo zamani ilifika hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, kabla mwambao ule haujawa wa wilaya ya Chato.

Watu wa nchi hii ya vilima, basi, si wageni wa vyombo vya majini. Lakini ni wangapi kati yao, na hasa ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wa sekondari, wawezao kusimama mbele ya dashibodi ya injini ya boti, wakaitazama ile taa ndogo nyekundu isiyowaka, na wakatueleza kwa hakika taa hiyo inasema nini? Nathubutu kusema kwamba ni wachache sana. Katika makala haya nataka kutoa hoja kwamba upungufu huo si wa manahodha na mafundi peke yao. Ni upungufu wa namna tunavyofundisha umeme madarasani. Tunafundisha saketi iliyo nzima. Saketi iliyoharibika hatuifundishi.

Safari moja ziwani

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwa boti ya injini ya dizeli kutoka mwalo mmoja wa mwambao wa Chato. Nahodha alikuwa mtu mzima, mwenye uzoefu wa miaka mingi na mpole kwa abiria wake. Alipozungusha ufunguo niliona kwamba hakuna taa hata moja iliyowaka kwenye dashibodi. Injini ikanguruma moja kwa moja. Nikamwuliza, "Mzee, mbona taa ya oili haiwaki?" Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, hiyo huwaka pakiwa na tatizo. Ukiiona imezima, ujue injini ni nzima."

Jibu lile lilikuwa na nusu ya ukweli. Baada ya mwendo wa saa moja hivi injini ilianza kutoa sauti ya chuma kukwaruza chuma, kisha ikazima. Bomba jembamba la oili lilikuwa limepasuka, na oili yote ilikuwa imemwagika chini ya injini. Muda wote huo taa ilikuwa kimya, kwa sababu uzi wa ndani wa balbu yake, yaani filamenti, ulikuwa umekatika, wala hapakuwa na mtu aliyejua ulikatika lini. Tulielea hadi jioni, ndipo boti nyingine ikatuvuta mpaka nchi kavu. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ziwa lilikuwa limetulia. Lakini injini ilikuwa imekufa, na pamoja nayo akiba ya familia mbili. Balbu ambayo ingeliwaonya bei yake haikuzidi ile ya chupa ya soda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Nahodha yule aliamini kwamba giza la taa lina maana moja tu, yaani amani. Kumbe lina maana mbili: ama injini ni nzima, ama taa yenyewe ni mbovu. Je, sisi tuliosoma fizikia tulimfundisha nani kutofautisha maana hizo?

Taa tatu na kanuni zake

Kwenye dashibodi ya kawaida ya injini ya boti zipo taa tatu za hadhari ambazo kila mwanafunzi angestahili kuzielewa: ya oili, ya chaji na ya joto. Kwa macho zinafanana. Kwa umeme hazifanani.

Taa ya oili hupata umeme wa chanya kutoka katika betri kupitia fyuzi na ufunguo. Upande wake wa pili umeungwa kwa waya mmoja na swichi ndogo iliyofungwa kwenye mwili wa injini. Ndani ya swichi hiyo mna kiwambo chembamba. Injini ikiwa imesimama hakuna presha ya oili, na swichi huunganisha waya ule na chuma cha injini, ambacho ndicho hasi. Saketi imekamilika, taa huwaka. Injini ikianza kuzunguka, presha hupanda, kiwambo husukumwa, swichi huachia, na taa huzima. Kwa hiyo taa ya oili iliyo nzima lazima iwake kabla ya injini kuwashwa, ufunguo unapofunguliwa tu. Isipowaka wakati huo, imekwisha kutuambia kwamba haiwezi kutuonya. Waliobuni mpango huu walifanya jambo la busara kubwa: kila safari huanza kwa kuijaribu taa yenyewe. Nahodha asiyetazama dashibodi katika sekunde zile mbili au tatu anaitupa zawadi aliyopewa bure.

Taa ya chaji inafuata kanuni nyingine. Upande mmoja umeungwa na betri kupitia ufunguo, na upande wa pili umeungwa na altaneta. Altaneta ikiwa imesimama, upande wake huwa karibu na volti 0, na betri ni volti 12. Tofauti ipo, umeme hupita, taa huwaka. Altaneta ikizunguka na kuanza kuzalisha, upande wake hupanda hadi kulingana na ule wa betri. Pande mbili zikilingana, hakuna kinachosukuma umeme, na taa huzima ingawa pande zote mbili zina umeme. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuwaeleza wanafunzi kwamba umeme husukumwa na tofauti ya volti, wala si na volti yenyewe, hatapata ulio bora kuliko huu.

Tena kuna jambo la ajabu hapa. Katika altaneta nyingi za aina hii, umeme mdogo upitao katika balbu ya chaji ndio uanzishao usumaku ndani ya altaneta. Balbu hiyo ikiungua, altaneta yaweza kushindwa kuanza kuzalisha, na betri ikaisha polepole huku nahodha akifurahi kwamba taa imezima. Ndiyo sababu fundi atoaye balbu ya namna hiyo na kuweka mahali pake taa ndogo ya LED, itumiayo umeme mchache mno, aweza kuona altaneta nzima ikikataa kazi.

Taa ya tatu, ile ya joto, ndiyo yenye hatari kuliko zote. Katika dashibodi nyingi za kawaida swichi yake huwa wazi injini ikiwa baridi, na hujifunga maji ya kupozea yanapopata joto la kupita kiasi. Maana yake ni kwamba taa hii haiwaki ufunguo unapofunguliwa. Nzima na mbovu zote ni giza. Haiwezi kujieleza mpaka iulizwe, ama kwa kitufe cha majaribio, ikiwa dashibodi inacho, ama kwa mkono wa fundi. Na injini za kwetu zina sababu ya kuihitaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji limeenea katika Ziwa Victoria, na mto Kagera ni mojawapo ya njia zilizolileta. Gugu hilo likiziba tundu linalovuta maji ya kupozea, injini huchemka katika muda mfupi.

Namna ya kuitafuta hitilafu

Tuseme sasa taa ya oili haiwaki ufunguo unapofunguliwa. Fundi asiye na utaratibu hubadilisha balbu, kisha swichi, kisha waya, akitumia fedha za mwenye chombo kununua bahati. Mwanafunzi wa sayansi yampasa kwenda kwa njia nyingine: kila hatua iulize swali moja, na kila jibu lipunguze mahali pa kutafuta.

Swali la kwanza halihitaji chombo chochote: taa nyingine zinawaka? Ikiwa zote ni giza, balbu haina kosa. Tatizo liko mahali ambapo njia zao zinakutana, yaani fyuzi, ufunguo, au viungio vya betri. Ikiwa ni hii moja tu, tatizo liko katika njia yake ya pekee. Swali la pili: balbu ya jirani ikiletwa mahali pake, inawaka? Ikiwaka, ile ya zamani imeungua, na kazi imekwisha.

Ikiwa bado ni giza, fundi huchomoa waya kwenye swichi ya injini na kuugusisha na chuma cha injini kilicho safi. Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima, na mgonjwa ni swichi. Isipowaka, njia imekatika mahali fulani. Mwanafunzi makini atauliza: je, kuugusisha waya wa umeme na chuma hakutaunguza fyuzi? Hakutaunguza, na Kanuni ya Ohm yatueleza sababu. Balbu iko katikati ya njia. Balbu ya volti 12 na wati 2 hupitisha ampea 1 ya sita, na ukinzani wake ikiwaka ni omu 72. Balbu yenyewe ndiyo inayouzuia umeme usizidi. Lakini jaribio hili lafaa kwa waya wa taa ya namna hii tu. Mtu asiguse chuma kwa waya utokao moja kwa moja kwenye chanya ya betri, wala asijaribu hivyo katika injini zinazoongozwa na kompyuta. Na katika boti ya petroli afungue kwanza vifuniko na kuacha hewa ipite, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini ya sakafu ya boti, na cheche moja yatosha.

Ikiwa njia ni ndefu, hesabu hutusaidia. Tuseme tangu betri hadi swichi kuna sehemu 8 zilizofuatana, na moja imekatika. Mtu apimaye moja baada ya nyingine aweza kupima mara 7. Mtu apimaye katikati hugawa 8 kuwa 4, 4 kuwa 2, na 2 kuwa 1: vipimo 3 tu. Akiweka mita katikati, upande mmoja wa mita ukiwa kwenye hasi, na akaona volti 12, basi nusu ya nyuma ni nzima na kosa liko mbele. Akiona 0, kosa liko nyuma. Njia zikiwa na sehemu 16, kipimo kinachoongezeka ni kimoja tu. Wanafunzi wetu hujifunza vipeo vya 2 katika hisabati bila kuambiwa kwamba vina kazi katika mikono ya fundi.

Iko hitilafu moja iwadanganyayo hata mafundi wazuri. Taa inawaka kwa unyonge, kama makaa yanayokufa, lakini mita inaonyesha volti 12 kamili. Unyevu na mtetemo wa injini hulegeza viungio na kuvipaka kutu ya kijani. Kiungio chenye kutu chaweza kuwa na ukinzani wa omu 72, sawa na balbu yenyewe. Hapo kila kimoja huchukua volti 6, umeme hupungua nusu, na balbu hupata nusu wati badala ya wati 2. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ukinzani wa filamenti hupungua inapopoa, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo. Mbona basi mita haikuona kutu? Kwa sababu balbu ilikuwa imetolewa wakati wa kupima, na ukinzani wa mita za kisasa ni wa mamilioni ya omu. Umeme inaoupitisha ni kidogo mno, na omu 72 mbele yake si kitu. Mita ilisema kweli kuhusu njia isiyo na mzigo. Fundi alitaka kujua habari za njia yenye mzigo. Kipimo hakitoi jibu la swali ambalo hatukuliuliza.

Makosa haya si ya wasiosoma

Msomaji asije akadhani kwamba ni nahodha wa mwalo peke yake anayeweza kuielewa vibaya taa isiyowaka. Mataifa yenye mitambo mikubwa yamelipa gharama kubwa kwa kosa hilohilo.

Tarehe 29 Desemba, 1972, ndege ya shirika la Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami, Marekani. Taa ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeteremka na kufungika haikuwaka. Marubani walipanda hadi kiasi cha mita 600, wakaiweka ndege chini ya uongozi wa mtambo, nao wakashughulika na taa. Hawakutambua kwamba mtambo ulikuwa umeacha kuishikilia ndege katika kimo chake. Ndege iliteremka polepole gizani mpaka ikaanguka kwenye vinamasi vya Everglades, na watu 101 wakapoteza maisha. Gurudumu lilikuwa limeteremka sawasawa. Balbu ndizo zilizokuwa zimeungua.

Tarehe 28 Machi, 1979, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, valvu moja iliyofunguka ili kupunguza presha ilipaswa kujifunga, ikakwama wazi. Taa yake kwenye ubao wa waendeshaji ilizima, nao wakaamini kwamba valvu imefungwa. Lakini taa ile haikuunganishwa na valvu kwa namna ya kuonyesha mahali ilipo. Ilionyesha tu kama umeme wa kuiamuru ifunguke unakwenda. Taa ilitoa habari ya amri, wala si ya utekelezaji. Maji ya kupozea yalitoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Mambo hayo mawili yanatufundisha mafunzo mawili ambayo boti ndogo ya Kagera inayahitaji sawasawa na ndege. La kwanza: wakati wa kuchunguza taa, lazima mtu mmoja abaki na usukani. Injini ikizimika katikati ya mto, chombo huwa mali ya mkondo. Haifai kitu kuipata balbu mbovu huku chombo kikigonga mwamba. La pili: kabla ya kuiamini taa yoyote, uliza imeunganishwa na nini. Taa ya pampu ya kutoa maji katika boti huonyesha kwamba swichi ya pampu imefunguliwa. Haionyeshi kwamba maji yanatoka. Mwenye kutaka kujua kama maji yanatoka na achungulie ubavuni mwa boti.

Yatupasayo kufanya darasani

Turudi sasa shuleni. Mwanafunzi wetu wa kidato cha nne anaweza kuandika Kanuni ya Ohm bila kukosea, na kukokotoa ukinzani wa vipande vitatu vilivyofuatana. Vifaa vya mazoezi vinavyowekwa mezani mwake vimekwisha kujaribiwa na mwalimu usiku wa jana ili visimsumbue. Kikiharibika kimoja, mwanafunzi hunyoosha mkono, apewe kingine. Kwa njia hiyo tunamwondolea sehemu ya sayansi ambayo ndiyo atakayokutana nayo kila siku ya maisha yake, kwa sababu duniani vifaa havijaribiwi usiku wa jana.

Machi, 1967, Mwalimu Nyerere katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea alilalamikia shule zinazowatenga vijana na jamii yao, na kuwafanya waamini kwamba elimu yote ya maana imo vitabuni. Wengi walidhani dawa yake ni jembe peke yake. Mimi naamini kwamba mwanafunzi wa fizikia asiyeweza kutafuta hitilafu katika saketi ya balbu moja ametengwa na jamii yake kama yule asiyejua kulima.

Napendekeza, kwa hiyo, zoezi moja ambalo shule yoyote yaweza kulifanya, hata isiyo na maabara. Vinahitajika betri za tochi, balbu 3 za tochi, waya, ubao, na misumari michache. Kikundi cha kwanza cha wanafunzi hutengeneza dashibodi ya taa tatu, kisha huficha kosa moja: uzi uliokatika ndani ya ganda la waya, kiungio kilichofunikwa na karatasi nyembamba, balbu iliyoungua, au msumari uliopakwa rangi. Kikundi cha pili hulitafuta. Sharti ni moja: kabla ya kila jaribio waandike swali wanalouliza, na baada yake waandike ni sehemu zipi zimeondolewa katika tuhuma. Alama zitolewe kwa utaratibu, si kwa kasi. Mwenye kubahatisha na kupata apate alama chache kuliko mwenye kukosa kwa njia iliyo wazi, ambaye kosa lake laweza kusahihishwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu atasema kwamba mada ni nyingi na muda ni mchache. Namjibu kwamba zoezi hili haliongezi mada. Linachukua mahali pa kukokotoa mara ya kumi kile kilichokokotolewa mara tisa. Mwingine atasema kwamba hii ni kazi ya shule za ufundi. Lakini abiria, nesi, mkulima mwenye pampu ya umwagiliaji, na karani mwenye jenereta ofisini wote hutazama taa na kuamua jambo. Hao si wanafunzi wa shule za ufundi. Wa tatu atasema kwamba injini mpya zina kompyuta zijichunguzazo zenyewe. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kompyuta hiyo nayo husema kwa kupitia taa, na viungio vyake hupatwa na kutu ileile ya kijani. Akili ya kumwuliza shahidi swali la pili haijapitwa na wakati.

Liko pia suala la lugha, nalo si dogo. Fundi wa kwetu husema "moto haufiki kwenye taa", naye anasema jambo la kisayansi kabisa. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza jambo hilohilo kwa maneno ya kigeni, na mara nyingi hatambui kwamba yeye na fundi wanazungumzia kitu kimoja. Mwalimu akimkaribisha fundi huyo darasani kwa saa moja, aje na swichi ya oili mbovu na moja iliyo nzima, wote watatu watafaidika. Fundi atapata sababu ya yale ayafanyayo, mwanafunzi atapata mahali pa kuitumia kanuni, na mwalimu, nasema hivi nikijihesabu mwenyewe, atajifunza unyenyekevu.

Sidai kwamba balbu itaokoa kila chombo. Misiba mikubwa ya ziwa letu, kama ile ya MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba, 2018, haikuletwa na taa ya dashibodi. Lakini usalama wa majini hujengwa kwa mazoea madogo, na zoea la kukifanya kimya kuwa ushahidi wa usalama ni baya popote lilipo. Idadi ya abiria isiyohesabiwa, ufa usiotazamwa, na taa isiyojaribiwa ni ndugu wa tumbo moja.

Basi, mwanafunzi utakayepanda kivuko cha Ruvuvu likizo hii, ukijaliwa kusimama mahali ambapo dashibodi inaonekana, itazame wakati ufunguo unapozungushwa. Hesabu taa zinazowaka kabla injini haijanguruma, na zinazozima baada yake. Ukiona moja ambayo haikuwaka kabisa, mwendee nahodha kwa adabu, umwamkie, umwulize kama anajua. Pengine ni ile ya joto, naye atakueleza kwa nini. Pengine atakushukuru.